Matairi ya Kumfuatia Baba

Masele alinunua gari kwa sababu ya mvua ya siku moja.

Katikati ya masika ya mwaka uliotangulia alikodi gari dogo pamoja na dereva, lake likiwa gereji, kwenda kumchukua baba yake kijijini, ng'ambo ya ghuba, mbele ya Sengerema. Mzee Chenge alikuwa amevunjika nyonga baada ya kusukumwa na dume la ng'ombe zizini. Alifanyiwa upasuaji Mwanza, na mara kwa mara alitakiwa kurudi ili daktari aone mfupa unavyounga na apewe mazoezi. Kati ya kijiji chao na barabara kuu kuna mbuga, tambarare ya udongo mweusi. Kiangazi udongo ule hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha hugeuka ugali. Lile gari la kukodi lilizama katikati ya mbuga, likakataa kwenda mbele wala nyuma. Mzee akatolewa, akalazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akarudishwa nyumbani huku mvua inampiga kifuani. Kliniki ilimpita, na kabla wiki haijaisha akashikwa na nimonia. Alipona kwa bahati. Nyonga iliyokosa mazoezi ilikakamaa, na tangu hapo hakuweza tena kuinua mguu wa kulia kama watu wengine.

Kuanzia siku hiyo Masele alikuwa na adui mmoja tu, naye ni tope. Alikuwa na duka la nyavu na vifaa vya uvuvi mjini Mwanza, na hata akiwa anampimia mteja kamba, mawazo yake yalikuwa mbugani. Mwishowe aliuza gari lake la mjini akanunua Landikruza kuukuu, yale ya mkonga, yenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele. Injini ilikuwa nzima. Matairi yalikuwa vipara.

Ndipo alipokwenda Igogo kwa Yasmin.

Duka la matairi lilikuwa la marehemu baba yake Yasmin, Mzee Abubakary, na mpaka leo wako watu wanaoingia pale na kuuliza kaka yake yuko wapi. Yasmin hana kaka. Alimkaribisha Masele, akazunguka gari, akainama kutazama nafasi iliyopo kati ya gurudumu na madigadi, kisha akamuuliza anataka kupita wapi.

Masele alimweleza mbuga. Alieleza kwa kirefu, mpaka na lile gari la kukodi na mvua na mkokoteni. Yasmin alisikiliza akiwa ameegemea rundo la matairi, halafu naye akamweleza anavyoyajua mambo yale. Tairi jembamba na refu hukata tope na kwenda chini kutafuta ardhi ngumu. Tairi pana huelea, linafaa mchanga wa ufukweni na mahali ambapo tope halina sakafu. Tairi kubwa huinua tumbo la gari lisiburuzike. Lakini ukubwa nao una masharti yake: gari huwa zito kuondoka, breki huchelewa kushika, na mshale wa spidi hudanganya, kwa kuwa gurudumu likizunguka mara moja linakuwa limekwenda mbali kuliko gari linavyodhani.

Masele alisema anataka makubwa kuliko yote, ya inchi thelathini na tano, tena kwenye rimu pana. Yasmin akamwambia hayo hayataingia bila kuinua springi na kukata madigadi kidogo. Masele akasema ziinuliwe, na yakatwe. Yasmin hakumpinga. Kwa mbuga kama ile aliyoelezewa, alikiri, gari lililoinuka litapita mahali ambapo mengine yatalala. Hata yeye alikuwa na hamu ya kuliona likiwa tayari. Waliongea kuhusu barabara asubuhi nzima, na hakuna kati yao aliyetaja abiria.

Gari lilipokamilika lilikuwa la kutisha. Mtaani watu walisimama kulitazama. Precious, mke wa Masele, alipotaka kupanda alilazimika kupandisha kitenge mpaka magotini na kujivuta kwa mikono miwili, akaketi akicheka na kuhema. Masele naye akacheka.

Mvua za kwanza zilipoanza alivuka na kivuko cha Kamanga. Siku hizi daraja lipo, lakini kwa kwenda kwao njia ya Kamanga ni fupi zaidi. Alimpitia Sengerema mdogo wake, Odeta, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ndiye aliyekuwa akimwangalia mzee kila mwisho wa wiki. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na mbuga ilikuwa imelala mbele yao inang'aa kama samaki aliyetoka majini. Masele aliweka gia nzito akaingia. Gari liliyumba, likatupa madongo mpaka juu ya paa, likanguruma, lakini halikusimama. Walipotokea upande wa pili Masele alikuwa ametoka jasho, na alikuwa anatabasamu peke yake. Odeta alimwona, akageuza uso dirishani ili asimharibie furaha.

Mzee Chenge alikuwa amevaa tayari. Alikuwa na koti lake jeusi, kofia, na fimbo mbili za kutembelea ambazo mwenyewe alizichonga kwa sababu zile za hospitali zilimchubua kwapa. Majirani kadhaa walikuwa wamekuja kuliona gari. Walisalimiana, mzee akaitikia shikamoo za watu wote bila haraka, akasogea mpaka mlangoni pa gari, akasimama.

Sakafu ya gari ilikuwa juu ya goti lake. Kiti kilikuwa kifuani.

Aliinua mguu wa kushoto ule mzima, lakini wa kulia haukuweza kumbeba peke yake. Akabadili, akainua wa kulia, ukafika nusu ya njia ukagoma. Odeta alileta kigoda. Mzee alipokikanyaga, kigoda kikazama upande mmoja kwenye tope la uani na nusura aanguke. Hapo Masele akasema wambebe. Jirani yao Mashimba, mtu wa miraba minne, alishika miguu, Masele akashika kwapani, wakamnyanyua mzee hewani mbele ya watu. Mguu ulipogonga ukingo wa mlango alitoa sauti moja, fupi, ambayo Masele hakuwahi kuisikia kutoka kwake. Kisha akasema kwa utulivu:

"Nishusheni."

Wakasita.

"Nishusheni chini. Hivi ndivyo ndama anavyobebwa."

Wakamshusha. Mzee akaweka sawa kofia yake, akawaaga majirani kwa heshima, akarudi polepole ndani. Masele alimfuata, akamsihi, akamkumbusha kliniki, akamweleza jinsi gari lilivyopita mbugani bila kukwama. Mzee alimjibu kwamba ameliona na ni gari zuri, akaomba uji. Hakusema neno lingine juu ya safari.

Masele aliendesha kurudi akiwa na kiti kitupu pembeni, maana Odeta aliamua kubaki. Mbuga aliipita tena bila shida, na mara hii hakutabasamu. Alikuwa na hasira. Kwa muda wote mpaka kivukoni alikuwa akibishana na baba yake kichwani: ukaidi wa wazee, aibu gani mbele ya Mashimba ambaye ni kama mtoto wa nyumbani, watu wangapi wanatamani mtoto wa kuwabeba. Lakini kila hoja ilipokuwa inakaribia kushinda, ile sauti fupi ya mlangoni ilirudi, na hoja ikaisha nguvu.

Odeta alimpigia simu jioni ile. Hakumlaumu. Alimwambia baba amekula vizuri na amelala.

"Kaka, hilo gari umelipimia mbuga," alisema. "Baba hatujampima."

Masele alimuuliza mtu anapimwaje. Odeta akamwambia ampe siku chache.

Jumamosi iliyofuata Odeta alikusanya matofali ya kuchoma yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo, akayapanga ukutani mahali ambapo baba yake angeweza kushika dirisha. Mzee aliuliza kama wanajenga. Odeta akamwambia ukweli, kwamba anataka kujua mguu wake unainuka mpaka wapi bila kuuma na bila kushikwa na mtu. Mzee alifikiri. Odeta alidhani atakataa, lakini alisogea mwenyewe, tena kwa bidii ya mtu aliyeitwa kazini baada ya kukaa bure siku nyingi. Tofali moja alilipanda kama si kitu. Mawili alipanda kwa fimbo, akasimama juu yake akatazama zizi lake kwa mbali. La tatu lilimshinda, akajaribu tena bila kuambiwa, likamshinda tena.

"Basi andika mawili," alisema. "Na mwambie kaka yako nikishakuwa juu ya mawili, nakaa kwanza matako, miguu naingiza baadaye. Ndivyo yule binti wa mazoezi wa hospitali alivyonifundisha kwenye kitanda."

Halafu akataka kiti. Wakajaribu kiti cha kulia chakula, kikawa chini mno; wakaweka gunia la mpunga juu yake, kikawa sawa. Odeta akapima kwa futi ya shuleni, kutoka juu ya matofali hadi juu ya gunia, na kutoka ardhini hadi juu ya matofali. Mzee alisimamia kazi yote akimkosoa namna ya kushika futi.

Masele alipofika tena Igogo akiwa na vipimo vile, Yasmin alikuwa anakula chakula cha mchana. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasukuma sahani pembeni. Alisema jambo ambalo Masele hakulitarajia: kwamba mama yake mzazi hajatoka nyumbani tangu Ramadhani iliyopita kwa sababu gari la mumewe Yasmin ni la juu, na wao wote wamekuwa wakisema bibi hapendi kutembea.

Walitoka nje kulipima gari. Wakakuta kwamba hata ngazi ikiungwa chini ya mlango kwa kimo cha matofali mawili, kutoka ngazini hadi kitini pangebaki pengo ambalo mzee asingeliweza. Gari lazima lishuke. Springi zirudi za mwanzo, na matairi yale makubwa yatoke. Masele aliposikia hivyo aliweka mkono juu ya meno ya tairi. Alimwambia Yasmin, kwa sauti ya chini, kwamba gari likishuka litakwama.

Yasmin hakumficha. Alisema huenda likakwama. Angempa matairi membamba, saizi ya kiwandani, yenye meno marefu ya matope. Akifika ukingoni mwa mbuga apunguze upepo ili tairi lilale na kushika, akitoka ajaze kwa pampu ya mkono. Siku nyingi litapita. Lakini ziko siku litalala, na hakuna saizi ya tairi itakayomwondolea siku hizo bila kumwondolea kitu kingine.

"Chagua unachoweza kuvumilia," alimwambia. "Kukwama ukiwa naye, au kupita bila yeye."

Masele alitaka kusema kwamba hajui. Alitazama barabara, magari yakipita kuelekea ziwani, mengi yao yameinuliwa kama la kwake. Akasema yatolewe.

Fundi wa kuchomelea aliunga ngazi ya bati nzito yenye bawaba na mnyororo, ya kushusha wakati wa kupanda na kukunja wakati wa safari. Gari likawa la kawaida kabisa. Mtaani hakuna aliyesimama kulitazama.

Tarehe ya kliniki ilipokaribia, Masele na Odeta walikwenda. Mvua ilikuwa imepumzika na walipita mbugani kwa shida kiasi, mara mbili gari likitaka kulala na mara mbili likijivuta. Nyumbani Masele alishusha ngazi, akaanza kunyoosha mikono kumsaidia baba yake, Odeta akamgusa bega. Wakasimama pembeni. Mzee alipanda, akageuka, akatafuta kiti kwa mgongo wake, akaketi, kisha akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine, wa kulia akiusaidia kwa mkono. Ilichukua muda, na Mashimba aliyekuwa amekuja kuaga alijifanya anatazama ng'ombe. Mzee alipomaliza alifunga mlango mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mvua iliwakuta katikati ya mbuga. Ilikuja ghafla, kutoka upande wa ziwa, na dakika chache baadaye barabara haikuonekana. Masele aliendelea taratibu mpaka gurudumu la nyuma lilipoangukia kwenye shimo lililofichwa na maji. Aliongeza moto, gari likachimba. Akarudi nyuma, likachimba zaidi. Likakaa.

Masele alitoka kwenye mvua bila koti, akachukua sururu na kuanza kulichimbua tope, akakata matawi ya vichaka na kuyasukuma chini ya tairi, akaingia, akajaribu, akatoka tena. Odeta alimwita, hakusikia. Alikuwa anasema peke yake juu ya matairi makubwa, kwamba alijua, kwamba alisema. Tope lilikuwa limempanda mpaka usoni. Ndipo kioo cha upande wa abiria kiliposhuka kidogo.

"Masele," mzee aliita. "Ingia ndani."

Alisema anamalizia kidogo tu.

"Ingia. Umeacha mlango wazi, mvua inanipata."

Aliingia. Alikaa nyuma ya usukani akitiririka maji, akitetemeka, na baba yake akamtazama, kisha akavua koti lake jeusi, kwa tabu, mkono mmoja mmoja, akamtupia mapajani. Masele akasema asivue, atashikwa tena na kifua. Mzee akamwambia humu ndani hakuna mvua.

Odeta alimpigia simu Mashimba. Ng'ombe wake wa kulimia wangekuja mvua ikipungua. Wakangoja. Vioo viliingia ukungu. Halafu mzee, akitazama mbele, akaanza kuzungumza habari ya mwaka jana, jambo ambalo hakuwahi kulizungumza.

Alisema watu wanadhani aliogopa kufa siku ile ya mkokoteni. Hakuogopa kufa, alikuwa na baridi. Alikuwa amelala pale, na Masele alikuwa anazozana na dereva juu ya gari, na dereva anazozana na wasukumaji, na turubai la dereva lilikuwepo limekunjwa nyuma ya kiti, yeye analiona. Alijaribu kuomba, lakini sauti haikutoka.

"Wote mlikuwa mnalitazama gari," alisema. "Hakuna aliyenitazama mimi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza mahali kisima kilipo. Mwaka mzima Masele alikuwa ameamini kwamba aliyemwangusha baba yake ni tope, na tope lilikuwa jambo la kushindana nalo. Hili sasa halikuwa na mtu wa kushindana naye. Alitaka kuomba radhi, akaona radhi ni ndogo. Badala yake akamuuliza kama sasa anasikia baridi. Mzee alifikiria swali lile kwa uzito.

"Miguu kidogo," alisema.

Odeta akampitishia khanga kutoka nyuma. Masele akainama, akamfunga baba yake miguu yote miwili kuanzia vidoleni, ule wa kulia kwa uangalifu, akiuliza kama anaumia. Mzee akamwambia asikaze mno, yeye si mzigo wa dagaa. Odeta akacheka nyuma, na baada ya hapo maongezi yakaja yenyewe: mpunga, shule, dume lile lililomsukuma mzee ambalo yeye hataki kabisa liuzwe kwa sababu, alisema, kosa lilikuwa lake yeye kusimama vibaya.

Mashimba alifika na ng'ombe mvua ilipokuwa manyunyu. Waliwafunga mnyororo mbele ya gari, mzee akiwa bado ndani, akitoa maelekezo dirishani kwa kila ng'ombe kwa jina lake. Gari likatoka kama jino. Upande wa pili Masele alijaza upepo kwa pampu ya mkono, tairi moja moja, na hakuharakisha.

Daktari hawakumkuta siku hiyo. Walichelewa, wakapangiwa kesho yake, na mzee akalala kwa Masele.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Jioni ile kwenye kivuko, wagonjwa wakiruhusiwa kubaki ndani ya magari, Masele alikuwa ameshazima injini na kuegemea kiti akiwa amechoka. Alisikia bawaba ya ngazi ikilia. Mzee alikuwa ameshafungua mlango. Alitanguliza fimbo, akashusha mguu wa kushoto, kisha wa kulia, akasimama kwenye sakafu ya chuma iliyokuwa inatetemeka, akaanza kupenya katikati ya pikipiki na matenga ya nyanya kuelekea kwenye kizuizi cha pembeni. Masele alishika kitasa ili amkimbilie. Odeta akamshika mkono wa shati.

"Mwache," alisema.

Wakamtazama kupitia kioo. Mzee alifika kwenye chuma, akakishika, na mtu mmoja aliyekuwa amesimama pale akamsogelea na kumpa shikamoo. Wakaanza kuongea, mzee akionyesha kwa fimbo kitu fulani majini, mbali, upande wa mawe ya Mwanza. Kivuko kikayumba kidogo. Masele akaondoa mkono kwenye kitasa.